Ukuta Tuliokujengea

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea maneno yangu, maana maneno ni mengi. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mkwe wetu anaendeleaje, na wale mapacha wameacha kung'atana? Mimi ni mzima kuliko vijana wote wa mtaa huu. Wiki iliyopita nilisogeza pipa la maji lililojaa kwa goti moja tu, na fundi cherehani wa jirani ni shahidi, ingawa atakataa. Mama yako hajambo kwa upande wa kula na kunisema. Kwa upande wa nyonga, ndiyo sababu ya barua hii.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa makusudi. Fundi cherehani ameitoa cherehani yake mlangoni, akaihamishia kwenye ukuta tunaopakana, na nikianza tu kuongea na simu, cherehani inanyamaza. Mtu anayeshona kweli hanyamazi hivyo.

Unajua mama yako tangu aanguke yuko juu ghorofani. Huu ni mwezi wa tano hajakanyaga chini. Daktari wa mifupa alisema ngazi basi, atumie kiti cha magurudumu. Nilijitolea kumshusha mgongoni, kama nilivyolipandisha lile kabati la milango mitatu peke yangu, mwaka ule ulipoanza shule, nguo zikiwa ndani. Akaniambia, "Mimi si kabati, na kabati lenyewe mlilibeba watu wanne." Kumbukumbu yake imeanza kuchoka.

Dawa ni kumhamishia chini. Lakini chini unakujua. Ile sebule kubwa imekatwa na ukuta katikati, na kile chumba cha nyuma, kitanda kikiingia kiti hakigeuki. Fundi mwashi alikuja, akapima, akasema tuvunje ukuta, tutie choo chini ya ngazi, wiki mbili kazi imekwisha. Ndipo akauliza kama tuna kibali, maana nyumba yetu imo kwenye orodha ya majengo ya kale, na hata ndani hapaguswi bila ruhusa.

Nikaandika maombi kwa jina la mama yako, kwa mkono wangu mwenyewe, kurasa sita. Karani aliyeyapokea alisema tangu aajiriwe hajaona maombi kama yale.

Wakamtuma mkaguzi. Mimi namwita Bwana Futi, kwa ile futi ya chuma anayoivuta kila hatua. Alivaa viatu vya raba visivyolia. Nani huvaa viatu visivyolia kwenda kwenye nyumba za watu? Akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena, akaandika. Na anaandika kwa penseli, mpwa wangu. Mtu wa serikali mwenye nia njema huandika kwa wino. Nikajua huyu anatafuta kitu, ama kilichofichwa ukutani, ama nyumba yenyewe.

Basi nikaona nimwoneshe kwamba nyumba hii ina wenyewe. Alipofika kwenye ule ukuta wa sebule akauliza una umri gani. Nikamwambia una karne mbili, ulijengwa na babu wa babu yetu kwa chokaa na mayai elfu tatu, na kuku waliotaga walikuwa wetu. Nikamwonesha lile doa jeusi usawa wa kichwa, nikamwambia gavana wa zama hizo aliegemea pale siku tatu akimwomba babu ushauri. Nia yangu ilikuwa aogope. Nyumba iliyoegemewa na gavana haichukuliwi ovyo. Hakuogopa. Aliandika yote.

Baada ya wiki tatu majibu yakaja. Choo chini ya ngazi, wamekubali. Ukuta, wamekataa. Una thamani ya kihistoria, usivunjwe, usitobolewe, usipakwe rangi, na lile doa lisifutwe.

Mama yako alinisomesha barua hiyo mara mbili. Kisha akasema polepole, "Lile doa ni mafuta ya nywele ya marehemu mume wangu. Alikuwa akishiba anaegemea pale."

Nikaikunja barua.

"Miezi mitano naitazama barabara kwa dirisha," akasema, "na wewe umeniletea gavana." Siku mbili hakunisemesha, hata kunitukana.

Mwanzoni sikukubali kwamba ni maneno yangu. Nilimshuku fundi cherehani. Siku nyingi anaitaka sebule yetu iwe duka lake, na mara tatu nimemwona Bwana Futi akitoka kwake na mfuko. Fundi anasema ni suruali ya kupunguzwa. Suruali gani inapunguzwa mara tatu? Si ingekuwa kaptula? Hata leo simwamini. Lakini barua ya ofisi nimeipitia mstari kwa mstari, na humo yamo mayai elfu tatu, habari ambayo fundi sikumwambia.

Alhamisi nikavaa koti, nikaenda ofisini kwao. Nikamwambia Bwana Futi ule ukuta una umri wa mpwa wangu, miaka thelathini na minne, na tuliujenga mimi na shemeji yangu.

Akafungua jalada, akatafuta ukurasa, akacheka kwa pua. "Mzee, mwezi jana ulikuwa na miaka mia mbili. Ukuta wako unazidi kuwa kijana."

"Siku ile nilikuwa naongea tu."

"Kwa hiyo ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo? Maana kila mwenye nyumba akinyimwa kibali, ukuta wake unageuka mpya."

Nikasema ni siku ile. Neno hilo lilinitoka kama jino. Na hakuniamini. Siku ya mayai aliandika kila herufi. Siku nasema kweli tupu, penseli imelala mezani. Nikamwambia basi tukwangue lipu kidogo, aone matofali ya saruji. Akasema kukwangua lipu kunahitaji kibali. Nikasema mama yako ataapa. Akasema mama yako ndiye mwombaji. Bwana Futi anataka ushahidi uliokuwepo kabla ya maombi yetu, umfikie kabla kamati yao ya vibali haijakaa tarehe thelathini mwezi huu. Tukikosa hiyo, kikao kingine ni mwakani. Mwaka mzima mwingine dirishani.

Ndiyo maana nakuandikia. Ile picha ya harusi ya wazazi wako uliyoondoka nayo ilipigwa sebuleni, na nyuma yake ina muhuri wa studio na tarehe, mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Ukuta haumo. Nyuma ya maharusi sebule inakwenda moja kwa moja hadi dirisha la uani. Usiipige picha na kuituma kwa simu, wanataka karatasi yenyewe. Itie kati ya kadibodi mbili, uitume kwa rejista, na jina la mpokeaji liwe la mama yako, si langu, maana yule wa dirisha la pili pale posta ni shemeji wa fundi cherehani.

Najua ndiyo picha pekee ya baba yako akicheka. Bwana Futi akiishika, nitakaa mbele ya meza yake mpaka aniachie. Haitalala ofisini kwao.

Na ujue ukuta ule ni wako. Ulikuwa na miezi minne, mgeni akikohoa sebuleni unaamka, ukiamka hakuna anayelala. Baba yako akasema tumkatie mtoto chumba. Tukaujenga kwa Jumamosi mbili, yeye akipanga matofali, mimi nikichanganya saruji na kumsimulia. Kwa hiyo ruhusa ya kuuvunja nilipaswa kuanza kuiomba kwako. Naiomba sasa.

Mama yako anakusalimu sana. Alisema nisikuandikie habari ya kabati, lakini barua ni yangu. Nisalimie mkwe wetu na mapacha, na shangazi yako akipita huko mwambie sijasahau alivyoninunia. Mungu awafunike wote, na awape ngazi fupi maishani.

Ni mimi, mjomba wako, nikupendaye bila kibali cha mtu.

Nimesahau jambo. Ukiitoa picha kwenye fremu, tazama kushoto. Yule kijana mwenye koti la kuazima, mdomo wazi, ni mimi. Nilikuwa nasimulia kitu, mpiga picha akaniambia ninyamaze. Nimesimama pale pale ukuta ulipo leo. Nitaiweka mezani kwa Bwana Futi, na safari hii sitasema kitu.