Hatua Niliyoisahau Maabarani

Maabara ya Vijidudu,
Chumba cha 14,
S.L.P. 318.

12 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje tangu wakufungue bendeji? Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimtegemee Mjomba kukusomea, maana yeye huruka mistari. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia meza kutwa.

Uliniuliza ni nini hasa ninachofuga kwenye visahani. Ni bakteria. Na hata bakteria, wadogo walivyo, huingiliwa na virusi. Vingi huingia kwenye seli, vikazaana humo, vikaipasua na kutoka. Kwa miaka tisa maabara yetu imetafuta vile vyenye DNA tu, kwa hiyo kila sampuli tunaitia dawa ya kusaga RNA, ndugu yake DNA, isituvuruge.

Sasa siku ile uliponipigia kunieleza habari za upasuaji, nilikuwa kwenye hatua hiyo hiyo. Nikarudi mezani mawazo yote yako kwako, dawa sikuitia. Kwa hiyo nawe umo, usijifanye humo.

Kesho yake kwenye vipimo ukatokea mstari ambao hatujawahi kuuona. Wenzangu wakasema ni uchafu. Nikarudia. Nikitia dawa, mstari unapotea, nisipotia, upo. Nikaotesha upya kutoka seli moja, vizazi kwa vizazi, bado upo.

Ni virusi vya RNA, Shangazi. Vinakaa ndani ya bakteria, na seli haipasuki wala haiugui. Ikigawanyika, kila seli mpya inaondoka na fungu lake. Vinawezaje? Hatujajua kwa hakika. Nadhani vinajizalisha kwa kiasi: vikizidi, nyumba inabomoka, vikipungua, seli moja inatoka mikono mitupu. Na miaka yote hiyo pengine vilikuwemo, tukivisaga wenyewe.

Mkuu wetu, tunayemwita Bi Kanuni, alifurahi mpaka akavua miwani. Akauliza mbele ya wote ni nani aliyepata wazo la kuacha dawa. Macho yote kwangu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na nilishapewa onyo kwa kusahau mlango wa friji wazi. Nikatabasamu. Wakanipongeza. Niliona aibu, Shangazi, aibu hasa.

Jumatatu nikabisha mlangoni kwake, nikamweleza yote.

"Yaani ulisahau tena?"

"Nilisahau tena."

Kisha akafungua ripoti, akafuta "iliachwa kwa makusudi", akaandika "ilisahauliwa", akaniambia nirudi kazini. Lile jina la Kichwa Chujio ulilonipa utotoni sasa lina ushahidi wa maandishi.

Nisalimie Mjomba, na binamu yangu fundi viatu. Mwambie vile alivyonishonea bado navivaa kazini. Mungu akupe nuru ya macho yote mawili.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kichwa Chujio wako.

N.B. Nilishaifunga bahasha, nimelazimika kuichana. Nimesahau kukwambia: mkataba mpya nimepewa.