Nimemfungia Baba Mkwe Benchi Lake

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna mkutano wa mtaa na siku hiyo nitaumbuka mbele ya watu wazima na watoto wao. Ninaandika mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue amenivuta nywele.

Mimi ni fundi cherehani. Tunaishi na baba mkwe kwenye nyumba yake ya zamani katikati ya mji, chumba cha mbele ndicho cha kushonea, hatua nne kwa tatu, na nje ya mlango kuna benchi la mbao ambalo baba mkwe alilikuta hapo siku aliyohamia akiwa kijana, na hajaachana nalo. Yeye ni fundi saa mstaafu. Kila asubuhi anakaa pale na rafiki zake wawili, mmoja alikuwa kinyozi, wanamwita Wembe, mwingine alikuwa karani wa posta, na hakuna mtu anayepita mtaani kwetu bila kujadiliwa mpaka viatu. Nilipojifungua, baba mkwe alikuwa anamchukua mtoto tangu saa mbili asubuhi, anakaa naye benchini akimsimulia habari za saa za ukutani, mpaka mimi nimalize kazi za watu. Hajawahi hata siku moja kuniita mke wa kijana wake. Ananiita mwanangu.

Sasa manispaa wameamua kuupendezesha mji, njia za waenda kwa miguu, taa, maduka yote rangi moja, na vitu vya zamani vitunzwe ili wageni waje kuviona. Binti mmoja wa ofisi ya mipango miji akapita nyumba kwa nyumba na fomu, andikeni vitu ambavyo hamtaki vipotee. Baba mkwe akaniambia, "Jaza tu mwanangu, za serikali hizo, nani atazisoma." Nikafikiria benchi, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umeoza na wiki ile ulimwangusha Wembe mpaka suruali ikachanika, nikaishona bure. Mbele ya kila kitu kulikuwa na visanduku viwili, kimoja kinasema kikarabatiwe, kingine kinasema kisitumiwe tena, kibaki cha kutazamwa. Mshauri, mtoto alikuwa anatafuna kona ya fomu, pasi inaunguza kitambaa, mteja anagonga mlango, na mimi nimezoea kwamba ofisini ukitaka kitu unaomba vyote ili upewe nusu. Nikatia vema kote kuwili.

Wamenipa vyote.

Wakaja mafundi, wakaweka mguu mpya, wakapaka vanishi mpaka benchi likang'aa kama jeneza la tajiri, halafu wakalizungushia mnyororo na kibao: URITHI WA MTAA, USIKALIE. Baba mkwe alisimama akakisoma mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena. Akasema, "Nimeishi miaka yote hii kuja kuona makalio yangu yamepigwa marufuku."

Basi wamehamia kwangu. Wote watatu, na stuli zao. Nashona huku naambiwa kola imelala upande. Mteja amekuja kupimwa gauni, akawakuta wamejipanga ukutani kama majaji, akasita, Wembe akamwambia, "Pimwa tu mama, sisi wazee hatuoni kitu." Nilipozungusha futi akasema, "Kiuno kimeongezeka lakini." Yule mama hajarudi, na kitambaa chake kiko hapa.

Hilo ningelivumilia. Kubwa ni kwamba baba mkwe ameshaamua mbaya wake ni nani. Anasema ni mwenye duka la rangi, jirani yetu wa mkono wa kulia, kwa kuwa zamani aliwahi kulalamika kwamba benchi linaziba njia ya gari lake. Watu waliosalimiana miaka thelathini, sasa baba akimwona anageukia ukuta. Jana yule mzee aliniuliza, "Mwanangu, nimemkosea nini baba yako?" Nikasema sijui. Nikaingia ndani nikakata mkono wa shati kinyume.

Na bado. Baba mkwe aliniita akasema, "Wewe ndiye mwenye mwandiko, kaa hapa uniandikie." Wakanitamkia barua ya malalamiko, watatu kwa zamu. Karani anataka adabu za kiofisi, Wembe anataka matusi. "Andika, mtu aliyetufanyia hivi hana wazee kwao." Nikaandika. "Pigia mstari." Nikapiga. Wakatia sahihi, nikatumwa niipeleke. Yule binti wa manispaa akaisoma, akaniangalia, akavuta faili, akaiweka fomu yangu kando ya barua. Mwandiko ule ule, kona imetafunwa. Akasema, "Dada, wewe unajilalamikia mwenyewe?" Nikaiangalia ile kona. Akasema yeye hana la kuficha, Jumamosi atabeba fomu zote, kila mtu aone nani aliomba nini.

Mume wangu nimemwambia. Amesema, "Usinitie humo, mimi siku hiyo nilikuwa kazini." Nimefikiria kuumwa Jumamosi. Nimefikiria pia kumpeleka mtoto pale ofisini aimalize ile fomu. Lakini kinachonikosesha raha ni kimoja tu: kwamba baba akijua, nitarudi kuwa mke wa kijana wake. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi wa Chumba cha Mbele

*

Marahaba, fundi.

Nimecheka, kisha nikafika kwa mwenye duka la rangi nikaacha.

Tuanze na lisilo kosa. Umechoka, umejaza fomu na mtoto mkononi, umetia vema visanduku viwili badala ya kimoja. Kwa hilo sikulaumu. Mwenye kulaumiwa ni aliyekubali benchi likarabatiwe lisikaliwe bila kujiuliza limekarabatiwa la nini.

Lakini ile barua! Ulikaa, ukatamkiwa, ukaandika, ukapiga na mstari chini. Ulikuwa na ukurasa mzima wa kusema "Baba, ngoja kidogo," na hukusema. Na jirani alipokuuliza, ukamwambia hujui. Mzee wa watu analala akijihoji kosa lake, nawe kosa lake unalijua: ni lako. Hapo mwanangu hukuchoka, hapo uliogopa, na woga wako anaulipia mtu mwingine.

Leo ni Alhamisi. Usiumwe Jumamosi, na mtoto usimlishe karatasi za serikali. Leo hii, wale wawili wakishaondoka, mpe mumeo mtoto. Yeye hatakiwi kusema neno, anatakiwa tu kushika mtoto. Kaa na baba mkwe peke yenu. Usianze na mguu uliooza wala pasi wala mteja, hayo yatasikika baadaye akiyauliza. Anza hivi: "Baba, aliyeliandika benchi kwenye fomu ni mimi. Nilitaka litengenezwe, nikakosea. Na barua niliiandika nikijua. Nisamehe." Kisha nyamaza. Najua utatamani kuongeza. Usiongeze.

Kesho Ijumaa nenda dukani kwa jirani. Usimtume mtu. Mwambie kosa lilikuwa lako, tena uliulizwa ukaficha. Baba akitaka kufuatana nawe, vizuri. Asipotaka, nenda mwenyewe, yeye atakwenda siku akiwa tayari.

Kuhusu manispaa, andika barua nyingine, safari hii kwa jina lako: kisanduku cha pili kilitiwa alama kimakosa, naomba kifutwe, benchi hili thamani yake ni watu wanaolikalia. Jumamosi uisome mwenyewe, umesimama, kabla binti wa watu hajafungua faili. Ofisi iliyofunga mnyororo inao ufunguo. Wakikataa, ombeni benchi la pili kando ya lile. Kama wana pesa ya vanishi, ya mbao wanayo.

Na pazia la kupimia wateja liweke hata kama wazee watarudi nje. Wembe ana macho mazima kabisa.

Unachokiogopa huenda kikakupata kwa siku chache. Atanuna. Pengine atakuita hilo jina, au asikuite lolote. Usimbembeleze kwa chai kila saa wala usilie mlangoni pake. Mpe nafasi akasirike, maana mtu humkasirikia hivyo mtoto wake, mke wa kijana wake humvumilia tu. Akikufokea, fundi, sikiliza vizuri anakufokea kwa jina gani.