Poda ya Mizizi na Utosi wa Baba

Shuleni, Nakuru
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakutumia salamu nyingi kuliko vikonyo vya waridi unavyopanda kwenye trei kwa siku moja, na najua ni vingi kwa sababu uliwahi kunipeleka kazini kwenye shamba la maua nikavihesabu hadi nikachoka. Mgongo wa Mama unaendeleaje sasa kwa kuwa mimba imekuwa kubwa? Nyanya bado anakohoa? Viboko wa ziwani wamerudi tena kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba? Mimi niko salama. Asubuhi hapa ni baridi, lakini ile sweta uliyoninunulia bado inanitosha nikiivuta mikono.

Baba, naandika kuhusu kichwa chako. Tafadhali usiikunje barua kwanza.

Jumapili iliyopita nilipopewa simu ya shule, Mama aliniambia kwamba umekuwa ukijipaka utosini ile poda ya mizizi ya kazini, ile nyeupe mnayochovyea vikonyo kabla ya kuvipanda. Alisema, "Babako anauliza, kama inaotesha kijiti kitupu, itashindwaje na kichwa?" Nilicheka hadi matroni akanitazama. Kisha Mama akasema ngozi imekuwa nyekundu na inakuwasha, na sasa unalala na kofia. Hapo niliacha kucheka.

Nililifikiria jambo hilo siku mbili na sikuona kosa lako liko wapi. Tunasema mizizi ya waridi, tunasema mizizi ya nywele. Neno ni lile lile, kwa nini dawa isiwe ile ile? Nikamwuliza Mwalimu Chebet, anayetufundisha baiolojia. Alichora kikonyo na unywele ubaoni, kimoja kando ya kingine. Kikonyo hakina mzizi, alisema, ndiyo maana poda inakisukuma kuanza mmoja. Unywele una mzizi tayari. Kwa wanaume wengi mzizi huo husinyaa polepole kwa sababu ya homoni na kwa kurithi, na kila unywele mpya unatoka mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka zinabaki nywele laini za malaika tu. Kumbe si kofia ya kazi inayokunyoa, kama usemavyo! Halafu akaweka chaki chini. "Mwambie babako aoshe hiyo poda leo, si kesho. Imetengenezewa mimea. Na hiyo ngozi ionwe kliniki."

Bado nilitaka kujua kama kuna dawa ya kweli. Bahati nzuri, Ijumaa tulikuwa na siku ya kuzungumziwa kuhusu kazi mbalimbali, na mgeni alikuwa mamake Simran, msichana ninayekaa naye dawati moja. Wana duka la dawa mjini. Alipomaliza, wenzangu waliuliza juu ya alama za kuingia chuo. Mimi nikasimama nikauliza: mwanaume akipoteza nywele utosini, kuna dawa inayofanya kazi?

Ukumbi ulilipuka. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameketi mbele kabisa, upara wake unang'aa.

"Anaulizia depyuti!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Nekesa, wewe ni mnoma!" mwingine akanishangilia kwa ujasiri wangu.

Naibu aligeuka polepole. "Acheni ajibiwe. Hata mimi nataka kujua. Nilipaka maji ya kitunguu miezi mitatu. Nywele hazikurudi, ila watoto wangu walihama meza."

Baada ya kelele kutulia, mamake Simran alijibu bila mzaha, na mimi niliandika yote nyuma ya daftari la historia. Kuna dawa ya maji ya kupaka iitwayo minoxidil. Hupakwa kila siku, na lazima mtu asubiri miezi minne hadi sita kabla ya kusema imeshindwa. Mwanzoni nywele zinaweza hata kuanguka zaidi. Ukiiacha, zilizoota huanguka tena, na wengine haiwasaidii kabisa. Haipakwi kwenye ngozi iliyoumia, kwa hivyo wewe bado.

Kuna vidonge pia, finasteride, vinavyopunguza ile homoni. Hivyo ni vya kuandikiwa na daktari. Alisema vina madhara ambayo wanaume huona aibu kuyauliza. Wewe uliza, Baba. Na hili nimelipigia mstari mara mbili: mjamzito asiguse kidonge hicho kikiwa kimevunjika au kusagwa, kwa maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kwa hivyo Mjomba akikuletea vidonge kutoka kwa madereva wa malori anaowajua kule Salgaa, usivipokee, wala Mama asikukatie.

Njia nyingine utaipenda jina: kupandikiza nywele! Daktari huchukua mizizi ya nyuma ya kichwa, ambako nywele hazichoki upesi, akaipanda palipo na upara. Ni kazi yako kabisa. Nilipouliza bei, mamake Simran alicheka akasema labda ningoje niwe daktari. Nikamwambia sawa, nitangoja.

Mwisho alisema kwamba mtu anaweza pia kunyoa zote, au kuziacha zilivyo, kwa sababu upara si ugonjwa. "Bwana yangu havui kilemba nje, kwa hivyo hamjui kilicho chini," alisema. "Mimi najua, na sijaona kasoro." Simran alificha uso kwa daftari.

Lakini kuna kitu nimekiruka. Kabla ya kunijibu, mamake Simran aliniuliza, "Ni nywele za nani, binti?"

Baba, siku ya wazazi muhula uliopita, ulipokuwa ukinimegea samaki, Achieng' wa darasa letu alikuja akauliza, "Huyo ni babu yako?" Nami nikanyamaza. Wazazi wa wengine walionekana vijana, nikaona haya. Wewe ulitabasamu, ukampa kipande cha samaki, kisha ukatoa kofia mfukoni ukaivaa. Nilijiambia hukusikia. Mama anasema hujaivua tangu siku hiyo, hata kanisani.

Kwa hivyo Ijumaa nilijibu kwa sauti, ukumbi mzima usikie: "Ni za babangu. Yule aliyekuja na samaki. Si babu yangu, ni babangu."

Hakuna aliyecheka. Achieng', aliyekuwa mbele yangu, aligeuka akasema, "Aki pole, Neke. Na wale samaki walikuwa watamu."

Nisamehe, Baba.

Nisalimie Mama na mtoto aliye njiani. Nisalimie Nyanya, mwambie anywe maji ya moto, na Wafula, ndugu yangu, mwambie naulizia kitabu changu cha hadithi. Osha ile poda, uende kliniki, kisha uchague dawa au usichague.

Siku ya wazazi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Jua likiwa kali, vaa kofia njiani. Ila ukifika langoni ivue, kwa sababu ni kwa huo utosi mimi hukutambua toka mbali.

Bintiyo, nitakayekuwa nimesimama hapo langoni tangu asubuhi,

Nekesa