Wifi, Sikukuambia Kuhusu Ndoo

Mtoni, Temeke
4 Februari 2024

Wifi yangu Tusajigwe,

Salamu nyingi kutoka Mtoni. Hujambo? Kaka yangu Jonas, mgongo wake unaendeleaje? Huku sie wazima wa kuungaunga. Naandika maana namba yangu umeifungia, na sikulaumu.

Bado naishi kwa yale maji ya dawa. Mara nne kwa siku nayatia tumboni kwa mrija, yanavuta uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, kisha nayamwaga na kutia mengine. Hayo nimezoea. Nisichozoea ni miguu yangu. Tangu Agosti nimekaa tu, mwanangu Leonardi hataki hata nifagie. Juzi kliniki Sista Marietha akaniambia nisimame kitini mara tano bila kushika kitu. Nikasimama mara moja, ya pili nikarudi kwa kishindo. Akasema, "Mama Leonardi, zilizokufa ni figo. Miguu nani kaiua?" Akataka nianze kutembea. Nikalia, wifi, na sababu ya kulia huijui.

Ile siku ya Agosti uliyonitoa kutembea hadi kanisani, jioni maji yakavuja pembeni ya mrija, nikalazwa, nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Leonardi akakuambia mbele ya majirani kwamba umetaka kumuua mama yake. Aliponisimulia alivyokutukana, nikanyamaza.

Ukweli ni huu. Asubuhi ile, kabla hujaja, nilibeba ndoo ya lita ishirini kutoka bombani hadi bafuni. Mrija ulikuwa na wiki mbili tu, na nilishakatazwa kunyanyua kitu kizito. Niliona aibu kutekewa maji ya kuoga na mwanangu wa kiume. Daktari peke yake nilimwambia. Akasema ni ndoo, si mwendo wetu wa polepole. Nikamwomba asimwambie mtu.

Nisamehe.

Wifi yako,
Rosalia


Kimbiji
19 Februari 2024

Wifi Rosalia,

Barua nimeipata kwa mkono wa Mwishehe muuza samaki. Jonas hajambo, mie mzima, mihogo imekubali mwaka huu. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Miezi sita nimeamini nilikaribia kukuua. Kanisani wakitaja wagonjwa naona kila mtu ananitazama mie. Na wewe ulikuwa unajua! Nimeitupa barua yako uani, nikaiokota, nikaisoma tena.

Sijui nimekasirika au nimepona. Jana nililala usingizi wangu wote. Lakini kusamehe kwa siri siwezi. Leonardi alinitukana hadharani, mwambie. Na utembee, mwanamke! Anza na mlango wa jirani.

Wifi yako,
Tusajigwe


Mtoni
21 Aprili 2024

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua inawakuta salama nyote. Ulimi ulinigomea wiki sita. Nilimwambia Leonardi siku ya Pasaka, tunakula. Akaacha kutafuna.

"Mama, mie nilimwita Anti Tusa mchawi."

"Najua."

Akatoka. Aliporudi jioni alisema neno moja tu: "Kesho tunatembea wote."

Basi tunatembea. Namwaga maji kwanza, maana tumbo likiwa tupu najisikia mwepesi, na Sista ameruhusu. Mrija naubana kwa plasta na mkanda wa kitambaa usiyumbeyumbe. Tulianza dakika tano, sasa kumi na tano, nikichoka napumzika kwenye benchi la fundi viatu. Kitini nasimama mara nne!

Nilitaka kuishia hapo. Lakini asubuhi hii maji yametoka na nyuzi nyeupe, kama pamba iliyochambuliwa. Tuliambiwa maji yakibadilika twende hospitali bila kusubiri, huenda ni maambukizi. Leonardi anatafuta bajaji, huku anarudia: "Ni kutembea, Mama. Ni mie." Mwishehe yuko mlangoni, anarudi Kimbiji. Niombee.

Rosalia, wifi yako


Kimbiji
24 Aprili 2024

Wifi,

Nimefika nyumbani salama. Jonas anakusalimu. Barua yako nilipoipata sikushika kalamu, nilishika gari, ndiyo maana uliniona pale wodini ukadhani unaota. Ila yaliyotokea nje, kwenye korido, hukuyaona.

Leonardi alikuwa kajiinamia. Akanyanyuka. "Shikamoo, Anti." Nikaitikia. Akasema, "Nimemfanyia mama kitu kilekile nilichokusingizia." Nikamwambia, "Kaa. Hakuna aliyemfanyia mtu kitu mpaka tusikie." Tukakaa, mkono wangu hakuuachia.

Sista Marietha akatoka. "Vipimo ni visafi. Nyuzi zile hutokea wakati mwingine, na mmefanya vizuri kuwahi. Mama aendelee kutembea."

Rosalia, kijana wa miaka thelathini na mbili alikaa sakafuni akacheka, akalia, akaniomba radhi kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Hadharani kwa hadharani. Yameisha. Na wewe yameisha.

Namba yako nimeifungulia. Ila usinipigie leo, nalala.

Wifi yako,
Tusajigwe


Mtoni
9 Juni 2024

Wifi yangu,

Hamjambo huko? Huku kwa kweli sie wazima, safari hii bila kuungaunga. Najua simu unapokea, lakini hili nimetaka likae kwenye karatasi.

Jumamosi nakuja Kimbiji, nilale siku mbili. Sista amekubali. Nitafutie chumba kisafi cha kubadilishia maji, chenye dirisha la kufunga, kuku wasiingie. Maboksi ya maji atabeba Leonardi, mie sinyanyui kitu.

Kwa barabara yenu ilivyo, gari litaishia kona ya shule. Kutoka pale hadi kwako Leonardi anasema ni dakika ishirini. Ninazo, wifi, na za akiba zinabaki. Jonas asije na pikipiki. Usitume mtu. Wewe kaa barazani tu, unione ninavyokuja.

Wifi yako,
Rosalia