Mikoko Niliyoikata

Kambi ya reli, Dodoma

Mama yangu,

Naishika miguu yako kwa mikono miwili, ingawa baina yetu pana mwendo wa siku nyingi. Umeamkaje? Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku. Na wewe Athumani, mdogo wangu unayemsomea mama, soma yote, usiruke kama kawaida yako.

Huku Ugogo, mama, nchi ni tambarare mpaka macho yachoke. Adhuhuri joto likipanda, mbali kule hung'aa maji, nami huacha jembe nikasimama, nikasikia kabisa mikoko ya kisiwani kwetu ikinong'ona. Wenzangu hucheka: "Mpwani kesharudi kwao!" Nikipepesa macho, maji hakuna, ni vumbi na ng'ombe wa watu.

Barua yenu ilinikuta tunajenga tuta la reli. Mmesema bamvua la bahari limeingia jikoni kwako na limeanza kula ukingo wa kaburi la baba. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Juma lile lile mvua ilinyesha, korongo likafurika, likabomoa tuta letu lote. Msimamizi wa Kijerumani akafoka weee! Lakini shamba la mama mmoja wa Kigogo anayetuuzia maziwa halikuguswa. Alikuwa amelaza matawi ya miiba korongoni, safu kwa safu. Nikamsalimu, "Mbukwa, mama," nikamwuliza siri yake. Akacheka.

"Nyie mnapigana na maji. Mimi nayachosha tu. Yakichoka yanaacha udongo, yanakwenda zake."

Hapo nikaikumbuka pwani yetu. Kumbe mikoko ndiyo iliyokuwa ikiichosha bahari. Na aliyeikata pale mbele ya nyumba yako ni mimi, nilipotaka boriti za nyumba ya harusi yangu, nikaona uvivu kwenda mbali kwa mtumbwi. Nisamehe, mama.

Nisalimie shangazi Mwanakombo, msuka mikeka, na mjomba Shomari, mwadhini wetu.

Sasa soma polepole, Athumani. Nyumba yangu ivunjwe. Boriti zote zichomekwe topeni pale pale nilipozikata, zisongamane, na maji yakitoka pandeni mbegu za mkoko nyuma yake. Mke wangu Mwanaisha atalala kwako, mama. Najua atanuna. Mwambie nyumba hujengwa tena. Baba hazikwi mara mbili.

Mwanao,
Bakari