Neno la Kiyunani Juu ya Kaburi Lako

Ndugu yangu Nkwabi,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Nilijiapiza kwamba barua yangu ya kwanza kwako ingekuwa ya Kiyunani. Nimeshindwa. Sentensi mbili zinanichosha, ya tatu sijui hata pa kuianzia. Basi pokea Kiswahili, lugha niliyoifundisha mpaka nikastaafu.

Tulichelewa. Ulirudi na Kiyunani chako kutoka chuo cha wachungaji tukiwa bado vijana, nami kila mwaka nikasema, pamba ikishauzwa tutaanza. Tulianza tukiwa na mvi, pale barazani kwako, wewe ukizicheka alfa zangu, ukiniita kama sisi Wasukuma tunavyoitana: "Ngosha, hiyo si herufi, ni samaki, sato wa Kalemela. Mpake chumvi!" Mimi niliyezoea kuwarudishia wanafunzi kazi kwa sababu ya nukta moja, nilifuta nikaandika upya, nawe ukinitazama kwa raha isiyomfaa mchungaji. Leo natamani unicheke tena.

Sasa kuna jambo. Mvua zimekatika na kaburi lako linajengewa. Unajua tunavyofanya: saruji ikiwa mbichi, mtu mmoja huandika jina kwa msumari, na ikikauka imekauka. Shemeji Kabula ameniomba niandike, chini ya jina lako, neno "amani" kwa Kiyunani. Anasema ulimwomba hivyo ukiwa kitandani. Mdogo wako Malimi amekuja kutoka Lalago, naye hataki. "Nani atalisoma? Watoto watadhani ni alama ya fundi!" Shemeji akamjibu, "Aliniambia mimi, hakukuambia wewe." Mwishowe Malimi akanigeukia: "Mwalimu, ukiniapia kwamba ni sahihi, nitanyamaza."

Sikuweza kuapa.

Nimelifanyia mazoezi neno lile kwenye saruji aliyonichanganyia fundi ndani ya karai. Mjukuu wangu alilitafuta kwenye simu, lakini herufi za simu si za mkono, na mkono niliojifunza ni wako peke yake. Nililitazama kama mwanafunzi anavyoitazama kazi yake kabla haijasahihishwa. Katika Bariadi nzima simjui wa kumpelekea. Maisha yangu yote nimesahihisha watu, na leo nimekosa wa kunisahihisha. Aliyekuwepo ndiye huyu ninayemwandikia kaburi.

Nikikataa, nitakuwa nimemnyima mjane wako ombi lako la mwisho. Nikikubali nikakosea, kosa langu litakulalia kifuani, wala hakuna hapa atakayeligundua. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, Nkwabi. Watu watapita, watalisifu.

Fundi atachanganya saruji Jumamosi. Pumzika, ndugu yangu. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata kama itakuwa ni kukuambia kwamba nimemkatalia Kabula.

Rafiki yako,
Mwalimu Limbu