Kambale Hajashuka

Jumatatu, 4 Julai
Maji nimeyabeba tena nikikimbia, ndoo kichwani. Wanawake wa kambi wanacheka. Wacheke. Kamina ni tambarare mpaka macho yanachoka, na miguu hii imelelewa na milima ya Ruwenzori. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyefika juu kwenye barafu mara nyingi kama mimi. Nilianza kwa kubeba mizigo ya Wazungu, baadaye nikawa nawaongoza. Kisha nikaolewa na sajini, naye akahamishiwa huku kwenye base ya jeshi.
Leo Kambale, mdogo wangu, anapanda na Wabelgiji. Ni mara yake ya kwanza kuwa kiongozi. Nimefurahi. Nina wivu pia.

Jumapili, 10 Julai
Baada ya misa padri kaniita kwenye foni, ile redio ya misheni ya kuongea na mbali. Mapadri wa kwetu walikuwa wanaongea. Theluji imeanguka vibaya kule juu. Mbelgiji mmoja kavunjika mguu. Wengine wameshuka kutafuta msaada. Kambale kabaki naye.
Mimi ndiye niliyemfundisha: aliyeumia haachwi peke yake. Leo nayachukia maneno hayo.

Jumatatu, 11 Julai
Ndege ya jeshi inakwenda Goma, upande wa kwetu, keshokutwa. Nimemwomba mume wangu aniombee nafasi. Kasema mlima si kazi yangu tena. Nimekwenda mwenyewe kwa komanda. Nimepiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti.
"Mwanamuke, unaenda kufanya nini kule?"
"Kumutosha mudogo wangu kule juu, kumushusha."
Akacheka. Akarudi kwenye karatasi zake.

Jumanne, 12 Julai
Foni inakoroma tu. Padri anasema ni mawingu. Jana jioni walisema wapandaji wa kuwaokoa wamejaribu mara mbili, wamerudishwa na upepo.
Siwezi kula. Huku wanachoma majani ya porini, moshi umejaa nyumbani, joto, na yeye anaganda. Nimempigia Mungu kelele kama mlevi.

Jumatano, 13 Julai
Niliingia uwanja wa ndege na furushi langu. Askari wakanishika mikono. Ndege iliondoka mbele ya macho yangu, nusu tupu. Nusu tupu! Nilikaa chini kwenye simenti mpaka Mama Ilunga, jirani yangu, akaja kuniinua.
"Weye, simama. Batu banaangalia."
"Baangalie."
Naye akakaa chini kando yangu.
Mume wangu aliyasikia yote kwa wenzake. Alivua buti akalala. Simtaki machoni.

Alhamisi, 14 Julai
Wamewafikia.
Padri alianza na yule Mbelgiji. Nikajua hapo hapo.
"Muzungu iko muzima. Walimukuta na makoti mawili."
Nikamwuliza koti la pili lilikuwa la nani. Akashusha kichwa.
Sikulia. Nilitoka nikatembea barabara ya mjini mpaka kiatu kikakatika.

Ijumaa, 15 Julai
Nimelia. Wanawake wa kambi wamejaa nyumbani, wale wale waliokuwa wanacheka. Waluba wanaimba kilio chao, watu wa jimbo la Équateur chao. Mimi sina wa kuimba naye kwa Kinande, lugha yetu.
Ninamchukia yule Mbelgiji kwa kuwa hai. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 16 Julai
Mume wangu kakaa karibu nami, bila kofia, bila bunduki. Kasema, "Nilizania ukipanda ndege hautarudia kwangu."
Basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Woga.
"Nenda kwa mama yako," kasema. "Nitakungojea."
Bado nina hasira naye. Lakini niliacha mkono wake juu ya mkono wangu.

Jumapili, 17 Julai
Niko ndani ya treni ya Kabalo. Haijaondoka. Kisha Kalemie, kisha boti ya ziwani, kisha kamio, lori la mizigo, mpaka kwa mama. Wamekwisha kumshusha Kambale, watamzika bila mimi.
Mama Ilunga kanipa samaki wa Bukama, wamefungwa kwenye majani. Nimekula mmoja. Watamu.
Mama hajawahi kupanda mlima. Ataniuliza kama baridi inamuumiza mtu anapokufa.
Nitamwambia hapana. Nitamwambia mtu anasinzia tu.